Moshi wa Saa Tisa

Kabuchai,
Jumapili alasiri.

Mwanangu Nasimiyu,

Sitakuuliza hali, maana uko chumba cha pili na nakusikia ukimcheka baba yako kwa namna anavyofunga sanduku. Mwache alifunge. Habari za sweta, za nani atakupokea Nairobi, za kula na kulala, hizo zote ni zake na atazirudia mara tatu tatu mpaka uchoke. Mimi nina jambo moja tu, na limenikalia tumboni mwezi mzima. Nimeketi kwenye meza ya jikoni, mvua imeanza, na nimeegemeza mlango kwa gunia la mahindi ili mtu asiingie.

Jana jioni ulimwambia baba yako kwamba ukifika kazini, huko kwenye picha za setilaiti, utawaomba wakuondoe upande wa moshi wakupeleke kwenye ramani za viwanja. Ulisema, "Moshi sitaki tena, Papa. Nilisoma picha vibaya na mtoto wa watu karibu afe." Ulidhani niko nje na kuku. Nilikuwa nyuma ya mlango na sufuria mkononi, na ilibaki kidogo niitupe ukutani.

Sikia, Nasimiyu. Hukusoma picha vibaya. Aliyeharibu ramani yako ni mimi mama yako, kwa mdomo wangu na kwa simu yangu. Nitakueleza nilivyofanya, jambo moja baada ya lingine, kwa sababu wewe hutosheki mpaka ujue kipi kilitangulia kipi. Na ninaandika kwa sababu nikisema kwa mdomo nitaanza kupiga kelele, na nikishapiga kelele nitageuza mambo mpaka ionekane wewe ndiye uliyenikosea. Unanijua. Nimekufanyia hivyo tangu ukiwa na miaka minne.

Nianze mbali kidogo. Ulipopata nafasi chuoni Kibabii ukasema utasoma jiografia, nilikucheka mbele ya shangazi zako wote. Nilisema utarudi hapa kufundisha watoto majina ya mito ambayo tayari wanachota maji yake. Walicheka, na mimi nilipenda walivyocheka, kwa hiyo nikarudia. Wewe uliendelea kumenya viazi. Hukuwahi kunikumbusha siku hiyo, na hilo ni moja ya mambo yanayonikasirisha juu yako. Ungenikumbusha hata mara moja ningekuwa mtu mwingine.

Halafu mlima ukawaka. Tulikuwa Kitale kwa senge wako Beatrice, dada wa baba yako, kile kiangazi ambacho shuka zilikuwa zinaanuliwa zikinuka kama nyama ya kukaushwa. Asubuhi jua lilikuwa jekundu na watoto wanakohoa njia nzima ya kwenda shule. Mwenye duka la vitambaa akasema ni wakulima wanachoma mabua. Kijana wa bodaboda akasema, "Hiyo ni ya Uganda, imevuka tu." Kila mtu alikuwa na jibu lake, na wewe ukafungua kompyuta juu ya meza ya senge wako, ukasogeza sahani.

Ulinionyesha picha iliyopigwa kutoka juu kabisa. Nilisema, "Mawingu hayo." Ukasema, "Wingu linaangusha kivuli chini, Mama, angalia. Huu hauna. Na moshi una shina. Fuata kwa kidole." Nikafuata. Moshi ulikuwa umetanuka huku mwisho, ukizidi kuwa mwembamba kila nikirudi nyuma, mpaka kidole changu kikafika juu ya mlima, kule kwenye nyasi ndefu zilizo juu ya msitu, na hapo kulikuwa na nukta nyekundu zimejipanga, kila moja moto. Niliogopa kidogo. Nilikuwa nimeuona mlima huo kila siku ya maisha yangu na sikuwahi kuuona.

Senge wako akaharibu raha. Alisema, "Lakini huo wako unaenda Uganda. Mbona mimi ndio nakohoa huku Kitale?" Na kweli, kwenye picha moshi wote ulikuwa unaelekea magharibi. Siku mbili hukula vizuri. Siku ya tatu ukaamka alfajiri, ukapanda kwenye jukwaa la tangi la maji, ukauona kwa macho yako: moshi wa chini, mweupe, unateremka mabondeni pamoja na baridi ya asubuhi kuja mjini. Ulishuka miguu imejaa kutu, unapiga kelele kwamba moshi una ghorofa mbili. Wa juu unakwenda na upepo wa mchana, na setilaiti inauona. Wa chini unajificha, na lazima mtu aliye chini aseme. "Bila mtu wa chini, mimi ni kipofu mwenye darubini," ulisema.

Hapo ndipo ulipotupa kazi. Senge wako Kitale, mimi Kabuchai. Kila jioni nikuandikie kwenye simu: saa, moshi upo au hakuna, umetoka upande gani, unaenda upande gani. Ulinifundisha kushika uzi mwembamba hewani nione upepo. Nilifanya kazi hiyo miezi saba na niliifanya vizuri, usije ukasahau hilo ukiisoma barua hii. Hakuna aliyewahi kunipa kazi ya kusema nilichokiona tu. Nilikuwa nikianza kupika kwa kuchelewa ili nisiukose upepo wa jioni.

Sasa miwa. Mambo haya unayajua, lakini nataka niyaandike kama anayemweleza hakimu. Mtu wa hapa anapanda miwa, inakomaa, kisha anangoja kibali cha kukata kutoka kiwandani. Anangoja. Miwa inapita umri, inatoa maua, inakauka ndani, na yule wa kutoa vibali hapokei simu. Lakini miwa iliyoungua haiwezi kungoja, inaharibika kwa siku chache, kwa hiyo iliyoungua inakatwa kwanza. Basi mtu anachoma shamba lake mwenyewe, halafu anakimbia njiani na mikono kichwani akilia kwamba watu wabaya wamemmaliza. Majirani wanakuja kumpa pole. Kila mmoja anajua, na kila mmoja anashangaa vizuri sana. Hata mimi nimeshangaa katika nyumba za watu, nikanywa chai yao.

Wewe ukaja na nukta zako nyekundu ukaharibu maigizo hayo. Ulipeleka ramani shuleni, ukamwonyesha mwalimu mkuu mashamba yanayozunguka uwanja na namna moshi wake unavyotembea mchana, naye akahamisha michezo ya watoto kuwa asubuhi. Ukampelekea chifu, akakohoa, akasema watu waache. Wakaogopa kweli. Walidhani macho yako yako juu yao saa ishirini na nne.

Mimi ndiye niliyewaambia hayako.

Ilikuwa kwenye mizani ya miwa, tumepanga foleni na trela. Mwenyekiti wa kundi letu la wakulima, Wanyonyi, akasema kwa sauti ili wote wasikie, "Mama Nasimiyu, hiyo kitu ya mtoto wako inaona mpaka ndani ya nyumba ama?" Watu wakacheka. Ungeniona nilivyosimama. Miaka yote nilikuwa mke wa fulani na mwanachama nambari fulani, na sasa nina mtoto anayejua mambo ya angani. Nikasema, "Haioni nyumba. Inapita hapa juu kama saa saba na nusu mchana, inapiga picha, inaenda zake."

"Ati mara moja tu?"

"Mchana ni hiyo. Halafu inarudi usiku wa manane."

"Na ikishapita?"

"Ikishapita imepita."

Akanipa mkono. "Umesomesha mtoto, bana," akasema. Nilirudi nyumbani kichwa kimevimba, nikamweleza baba yako, naye akaniuliza, "Kwa nini alitaka kujua saa?" Nikamwambia ana wivu. Hebu fikiria. Mwanamume ambaye hajawahi kushindana na mtu hata kwa drafti, nikamwambia ana wivu na mtoto wake.

Tazama nilichofanya, Nasimiyu. Nilikucheka bila kukusikiliza, halafu nikakusifu bila kukusikiliza. Ulikuwa umeniambia mara ngapi kwamba ramani ina mashimo yake, kwamba nisiyatangaze mashimo? Mimi nilichukua shimo nikalipeleka mizanini kama zawadi.

Wiki iliyofuata nikasikia harufu saa tisa. Miwa ikishika moto haikai, unajua, nusu saa shamba limekwisha. Saa saba na nusu ile setilaiti ilipita ikaona kijani. Usiku wa manane ikarudi ikakuta majivu yamepoa. Nilisimama uani na simu mkononi kukuandikia, ndipo Wanyonyi akapita. Hakupiga kelele. Angepiga kelele ningemjibu.

"Wewe si mmoja wetu?" akasema. "Miwa yako ina miezi mingapi? Imetoa maua. Sasa tumepanga zamu, na zamu yako inakuja. Wewe nyamaza tu. Nani ameuliza?"

Nikaandika, "Hakuna moshi." Majivu meusi yalikuwa yanaangukia ndani ya ndoo ya maji miguuni pangu, nami nikayatoa kwa kikombe, nikaingia ndani, nikapika.

Nilikuandikia hivyo jioni kumi na tisa. Nimezihesabu leo kwenye simu. Unataka kujua ya pili ilikuwaje? Ilikuwa rahisi. Ya tano sikuifikiria hata kidogo. Hiyo ndiyo inayonitia hasira zaidi, kwamba nilitazamia nikose usingizi na sikukosa. Nililala fofofo.

Na wewe uliona! Hapo ndipo nataka ukazie macho. Ulipiga simu kutoka Kibabii ukasema, "Mama, kuna madoa meusi manne upande wa chini ya mto. Yameungua?"

Nikasema, "Yamelimwa. Walikata, wakalima, mvua ikanyesha. Si unajua udongo wa huku ni mweusi?"

"Una uhakika?"

"Mimi naishi hapa. Wewe unaishi kwa kompyuta."

Ukacheka. Ukasema, "Pole, Mama. Wewe ndio uko hapo." Halafu ukaandika kwenye kumbukumbu zako kwamba yamelimwa. Macho yako yalikuwa yamesoma picha sawasawa. Madoa uliyafuta kwa sababu mama yako alisema. Sasa niambie, nani alisoma vibaya?

Kisha baraza. Ukasimama mbele ya chifu na watu wote na ile suruali yako ya kahawia, furaha imekujaa mpaka shingoni, ukasema wiki tatu hakuna moto hata mmoja, watu wa hapa wamesikia, mfano huu utapelekwa sehemu nyingine. Watu wakapiga makofi. Wanyonyi alipiga kwa nguvu kuliko wote. Mimi pia nilipiga. Mwalimu mkuu akasema basi michezo itarudi alasiri, maana asubuhi inakula vipindi. Nilisikia kwa masikio yangu mawili. Usikubali mtu akuambie mama yako hakujua.

Zamu yangu ilikuwa Alhamisi. Nilisimama kichwani mwa shamba na Wanyonyi na vijana wawili wa kukata. Saa tisa na robo. Mimi, niliyekuandikia upepo miezi saba, nilijua saa hiyo unatoka upande wa ziwa na kuelekea shuleni. Sikuhitaji uzi. Mmoja wa vijana akasema, "Si kuna watoto pale field?" Wanyonyi akanitazama mimi, shamba ni langu. Nikasema, "Ni nusu saa tu."

Nimeliandika neno hilo sasa na nimekaa nalitazama.

Ulikuja baadaye, ukakuta watoto wamelazwa kwenye veranda ya darasa. Hukuuona mwanzo wake. Moshi haukupanda. Ulilala, ukapita juu ya ua wa shule kama unajua njia, na watoto waliokuwa wanakimbia wakaendelea kukimbia kwa sababu filimbi haikuwa imelia. Faith wa jirani yetu Rosa alikuwa mbele. Unakumbuka alivyokuwa akikimbia, viwiko nje kama kuku. Siku nne kwenye oksijeni Bungoma, na mpaka leo analala ameegemea mito miwili. Ana miaka kumi.

Halafu watu wakaja hapa kwangu kunipa pole. Mimi! Miwa ya Mama Nasimiyu imechomwa na watu wabaya. Nilipokea pole hizo. Nilitoa chai.

Siku ya mkutano shuleni Wanyonyi alisimama akasema, "Hiyo setilaiti ndio ilituambia hakuna moto, na walimu wakaamini, na watoto wetu wakaingia kwa moshi. Sasa hii elimu ni ya nini?" Watu wakanguruma. Nilikuwa benchi la pili. Nilikuwa na maneno tayari mdomoni. Halafu wewe ukainuka, ukanitazama mara moja, ukawaambia, "Nilisoma picha vibaya. Makosa ni yangu. Naomba msamaha kwa wazazi." Na mimi nikayameza maneno yangu na nikashusha pumzi. Nilishukuru, Nasimiyu. Mtoto wangu alikuwa anapigwa mbele yangu na mimi nikashukuru kwamba fimbo haikunipata.

Sasa nikukasirikie kidogo, maana nina haki hiyo hata kama nimebaki bila nyingine. Kwa nini uliwaomba msamaha? Wale? Mbele yako walikuwa wamekaa watu saba waliochoma mashamba yao, nawajua kwa majina na kwa viatu, na wewe ukawainamia! Ulikuwa na meseji zangu kumi na tisa kwenye simu yako. Ungeweza kuziinua ukasema, mtu wangu wa chini aliniambia hakuna. Ile mara moja uliyonitazama, sijui ulikuwa unaniuliza au ulikuwa unanifunika. Mwezi mzima nimeshindwa kukuuliza. Kama hukujua, basi umejua leo. Kama ulijua, basi ulifanya vibaya, nakuambia mimi uliyetaka kuniokoa. Ulinifanya nimtazame Rosa kila siku kisimani nikiwa mtu mwema. Ulichukua kosa langu ukalibeba, na sasa unataka kwenda kulilipia huko Nairobi, kuacha kazi unayoijua kuliko mtu yeyote ninayemfahamu, ili mimi niendelee kunywa chai ya pole. Sikukuomba. Na kama ungeniuliza siku ile ningekataa kwa kelele, najua, lakini ungeniuliza.

Leo asubuhi ulipokwenda Kitale kumuaga senge wako, nilivaa nikaenda kwa Rosa. Alikuwa anamfunga Faith viatu vya kanisa. Nikamwambia, "Rosa, ule moto nilisimama hapo ukiwashwa."

"Si ulichomewa na watu?"

"Hakuna watu. Ni mimi. Na Nasimiyu nilimdanganya wiki tatu. Nilimwambia hakuna moto."

Akaketi sakafuni palepale, kiatu kimoja mkononi. "Ati nini?" akasema. Halafu, "Mimi nimemwambia huyu mtoto kila siku Nasimiyu ndiye alimfanyia hivi."

Faith akanitazama. Akasema, "Kwa hivyo mimi niliacha kumsalimia bure?"

Rosa akasema, "Toka kwa nyumba yangu, Mama Nasimiyu. Toka tu polepole." Nikatoka. Sikuomba anisamehe, maana angejisikia ni lazima aseme kitu, na ana mtoto wa kuvisha.

Kanisani nikangoja matangazo. Nikasimama nikasema yote, saa, zamu, meseji, shamba langu. Wanyonyi alikuwa benchi la mbele, akageuka. "Mama, hayo ni mambo ya kundi. Kaa chini." Sikukaa. Mwalimu mkuu akauliza kutoka nyuma, "Kwa hivyo ramani ya msichana ilikuwa sawa?" Nikamwambia macho ya msichana yalikuwa sawa, aliyeharibu ni aliyekuwa chini. Akasema atawaita wazazi tena, na safari hii mimi ndiye nitakayekaa mbele. Wanyonyi amesema kundi litakutana kunitoa. Wakutane. Miwa yangu ijayo itaota maua mpaka ndege wajenge. Baba yako alikuwa kando yangu muda wote huo, akanishikia Biblia nilipoiangusha. Hukusikia haya kwa sababu umerudi saa nane na nimewaomba majirani na baba yako wasikuambie.

Ndani ya bahasha hii nimekuwekea karatasi mbili. Ni zile jioni kumi na tisa, nimezijaza upya: shamba la nani, saa ngapi, upepo ulielekea wapi. Mahali nisipokumbuka nimeacha wazi, sikubuni. Ulinieleza siku moja kwamba iko setilaiti nyingine isiyohama, imekaa juu ya Afrika na kupiga picha kila robo saa, ila macho yake ni hafifu, lazima ujue pa kutafuta. Sasa unajua pa kutafuta. Ile Alhamisi, saa tisa na robo, huenda ukaona nukta moja dhaifu kusini magharibi mwa shule. Iandikie jina langu. Usiandike "mkulima".

Sina mawaidha, na ningekuwa nayo ungekuwa mjinga kuyachukua kwangu. Lakini kazi yako naijua kwa upande wa wanaodanganya, na huko Nairobi huenda hawana mtu wa upande huo. Usimpe kazi ya kushuhudia mtu ambaye shamba lake liko kwenye foleni. Mtu wako wa chini akikuambia "hakuna" siku tatu mfululizo, mpigie simu na umsikilize anavyopumua. Watu wakiacha jambo ghafla, wote kwa pamoja, usipande jukwaani kushangilia, nenda ukatazame wamelihamishia saa ngapi. Na ukiona doa jeusi, hata mama yako mzazi akikuambia ni udongo, nenda ukaliguse kwa kidole.

Na usiende viwanja. Kaa upande wa moshi. Nakuambia kwa hasira, kwa sababu ndivyo ninavyojua kusema jambo ninalolitaka sana. Ukiacha, Wanyonyi atasema aliona mapema, na Faith atakua akijua kwamba aliyekuwa akimtazamia hewa aliondoka kwa sababu ya uongo wa mwanamke mmoja. Mimi nitajua pia, kila kiangazi, kila mlima ukiwaka na wale wa Kitale wakibishana kama ni mabua au ni Uganda.

Mvua imepungua na baba yako anauliza kwa nini mlango haufunguki. Nitakuletea barua hii mwenyewe, sasa hivi, kabla giza halijaingia, na sitaiweka sandukuni uikute ukiwa mbali ambako siwezi kukuona uso. Nitasimama hapo mlangoni mpaka uimalize. Halafu sema chochote unachotaka kuniambia, kwa sauti yoyote, hata baba yako akiwepo. Unajua sijawahi kunyamaza mtu akinisema.

Nitanyamaza.

Mama yako.